Kibuyu: Chombo Kitokacho Shambani

Milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, hupata mvua nyingi. Na unyevu ndio adui wa kibuyu. Mumunye likiwa changa huliwa kama mboga. Likikomaa na kukauka, ganda lake huwa gumu, nalo ndilo kibuyu. Basi tusilikate kwa pupa. Tungoje kikonyo kikauke, maana lililokatwa mapema husinyaa na kuoza, na kazi ya msimu mzima hupotea. Tulitundike juu ya meko, likauke polepole. Mbegu zikilia ndani, tulitoboe, tulisafishe, tulijaze maji mara kwa mara mpaka uchungu uishe. Kisha tulitie nakshi kwa chuma cha moto. Mbegu za lililo zuri tuziweke: ndizo vibuyu vya mwaka ujao.