Mapumziko ya Mtunzaji Aishiye na Mgonjwa wa Demensia: Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa

Makala haya yanafafanua matunzo ya nyumbani kwa wazee wenye demensia, yaani hali inayodhoofisha kumbukumbu na fikra, katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Hali hiyo si ngeni nchini: utafiti uliofanyika mwaka 2010 wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nayo.

Mtunzaji aishiye na mgonjwa huwa ama ndugu, hasa binti, mkwe au mjukuu, ama mfanyakazi wa nyumbani. Kazi yao ni moja: kulisha, kuosha, kukumbusha dawa za shinikizo la damu au kisukari, na kukesha. Kukesha ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa mgonjwa aweza kutoka usiku asijue njia ya kurudi. Na Sumbawanga, mji ulio juu ya mita 1,700, baridi ya Juni na Julai ni hatari kwake.

Hata hivyo, haki zao hutofautiana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, yawezayo kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi iwapo anaishi mahali pa kazi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 huitambua familia kuwa msingi wa matunzo, lakini haimwekei ndugu anayetunza saa za kupumzika. Mjukuu aliyekesha ndiye anayetarajiwa shambani au shuleni asubuhi. Kwa hiyo, mpango wa matunzo ya nyumbani Ufipa unapaswa kuanza na zamu ya usiku: nani atampokea mtunzaji, na kwa saa ngapi.