Kikohozi cha mzee si baridi tu

Sisi wa Pwani wenye jamaa Nyeri, Karatina au Nanyuki twajua: mzee akikohoa huko, huambiwa ni baridi ya mlima au moshi wa kuni. Huenda ikawa. Lakini kifua kikuu kwa wazee hujificha. Pengine hakuna homa wala damu, mtu akonda tu na chakula hakimpiti, nasi twasema ni uzee. Kikohozi kikipita wiki 2, apelekwe akapimwe makohozi.

Dawa ni bure hospitali za serikali, kwa kawaida miezi 6. Kazi iko hapa: rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kisukari na presha, kwa hivyo daktari aonyeshwe vidonge vyote anavyomeza mzee. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, asishtuke, ni dawa. Macho yakiwa manjano, arudi hospitali siku hiyo hiyo.