Tubakize Kiasi Gani Mwisho wa Mwezi?



Katika vikundi vya kuweka na kukopa tunavyovitembelea wilayani Mbulu na Hanang, swali moja hurudi mara kwa mara: baada ya kulipa mahitaji yote ya mwezi, ni fedha kiasi gani inapaswa kubaki? Wapo waliosikia kwamba ni sehemu ya kumi ya kipato. Wapo wanaosema ni chochote kitakachosalia, kiwe kikubwa au kidogo. Katika makala hii tunaeleza kwa nini majibu hayo mawili hayatoshi kwa familia nyingi za kwetu, na jinsi kila nyumba inavyoweza kupata jibu lake yenyewe.

Mwaka wetu una miezi ya kupata na miezi ya kutoa

Wengi wetu tunaishi kwa kilimo na mifugo. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Mei. Mavuno yakishaingia, fedha nyingi hupatikana kati ya Julai na Septemba. Baada ya hapo huja miezi ya kutoa: kulima, mbegu na mbolea, sikukuu ya Krismasi, na kufungua shule mwezi Januari. Februari na Machi ghala limepungua, bei ya mahindi sokoni imepanda, na palizi bado inadai nguvu na fedha.

Kwa sababu hiyo, nyumba iliyobakiwa na shilingi laki tatu mwisho wa Agosti isidhani imepata ziada. Fedha ile tayari ina kazi yake, ila kazi hiyo haijafika. Mwenye nyumba asiyelijua hili hununua redio kubwa au huzimalizia kilabuni, kisha Februari anauza mazao yakiwa bado shambani kwa bei anayopangiwa na mnunuzi. Anayeumia ni mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na mama anayezunguka kwa majirani kutafuta debe la mahindi.

Neno kuu la makala hii ni hili: kiasi cha kubakiza hakipimwi kwa ukubwa wa kipato. Hupimwa kwa ukubwa wa pengo lililo mbele yetu. Tukisoma Mwanzo sura ya 41 tunaona kwamba Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba, lakini kwanza alikwisha kujua kuwa njaa ingekuwa ya miaka saba. Ndugu zetu Waislamu nao wanaifahamu habari hii katika Sura Yusuf. Hesabu ya pengo ilitangulia, ndipo akiba ikapangwa.

Hatua ya kwanza: kuandika matumizi ya mwezi

Chukueni daftari, baba na mama mkae pamoja. Andikeni matumizi yote ya mwezi wa kawaida, pamoja na sadaka. Tutumie mfano wa familia ya watu sita ambayo mahindi na maharage inayo ghalani. Mafuta ya kula, sukari, chumvi, mboga na sabuni ni shilingi 90,000. Kusaga mahindi 10,000, taa 8,000, maji 5,000, simu 7,000, nauli 15,000, sadaka na michango midogo 15,000. Jumla ni shilingi 150,000. Hizi ni namba za mfano tu; kila nyumba iandike za kwake.

Hatua ya pili: kuandika mambo ya mwaka

Yapo matumizi ambayo hayaji kila mwezi, lakini tunajua hakika yatakuja. Serikali ilifuta ada katika shule zake mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na katika mwaka wa fedha 2022/2023 ikafuta ya kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Familia yetu ya mfano inaandika: mahitaji ya shule Januari 180,000, kulima, mbegu na mbolea 300,000, kukarabati paa kabla ya mvua 60,000, harusi na misiba 60,000. Jumla ni shilingi 600,000.

Watu wengi huyaita mambo haya dharura. Januari si dharura, maana huja kila mwaka tarehe ileile. Dharura ni ugonjwa wa ghafla, ajali au moto.

Hatua ya tatu: kupima pengo

Tuseme familia hii hupata shilingi 100,000 kila mwezi kwa maziwa na genge dogo. Kati ya Julai na Septemba imeuza vitunguu saumu na maharage kwa shilingi 1,560,000. Baada ya kulipa matumizi ya miezi hiyo mitatu, mwisho wa Septemba imebaki na shilingi 1,410,000. Ni fedha nyingi machoni.

Sasa tuangalie mbele. Kuanzia Oktoba mpaka Juni ni miezi tisa. Kila mwezi matumizi ni 150,000 na mapato ni 100,000, hivyo kila mwezi unapungukiwa 50,000. Kwa miezi tisa ni 450,000. Ongeza yale mambo ya mwaka, 600,000. Pengo ni shilingi 1,050,000. Fedha iliyo huru kweli ni 360,000 tu, wala si 1,410,000.

Hapo ndipo nyumba huokoka au huanguka. Anayeona milioni moja na laki nne hutumia kama tajiri. Anayeona laki tatu na sitini hutumia kwa akili.

Wenye mshahara, kama walimu na wauguzi, hesabu yao ni nyepesi zaidi. Wagawe mambo ya mwaka kwa 12. Laki sita kwa mwaka ni 50,000 kila mwezi, nayo itengwe siku mshahara unapoingia. Tukisubiri kuona kitakachobaki mwisho wa mwezi, mara nyingi hakibaki kitu.

Hatua ya nne: mfuko wa dharura na kikomo chake

Katika fedha iliyo huru, sehemu kubwa iende kwenye mfuko wa dharura. Lengo la kwanza ni matumizi ya mwezi mmoja, yaani 150,000 kwa familia yetu. Hapo tayari mgonjwa anaweza kupelekwa Haydom bila kuuza mbuzi kwa haraka, na ndugu anayemwangalia akapata chakula na nauli. Lengo la pili ni matumizi ya miezi mitatu, yaani 450,000. Ikitenga 240,000 kila mwaka, familia hii itafika huko katika mwaka wa pili, ikiwa haijapatwa na jambo. Shilingi 120,000 zinazobaki mwaka huu ziwe za furaha ya nyumba, bila lawama.

Mkishafika miezi mitatu, simamisheni. Kinachozidi kiende kwenye uzalishaji, elimu ya watoto na kusaidia wenye shida. Tajiri wa Luka sura ya 12 alikusudia kupanua ghala zake bila kikomo na bila jirani. Akiba yetu haikusudiwi kufanana na yake.

Kwa wale ambao hesabu inaonyesha upungufu tangu mwanzo, msikate tamaa na msijilazimishe kuweka akiba kwa kukopa. Anzeni na shilingi 1,000 kwa wiki, na muitazame orodha ya matumizi mstari kwa mstari. Kulijua pengo mwezi wa Agosti ni bora kuliko kulikuta Februari.

Akiba ya chakula ni fedha pia

Familia ya watu sita hula takriban gunia moja la kilo 100 za mahindi kwa mwezi. Kabla ya kuuza, hesabuni magunia mpaka mavuno yajayo. Ukiuza magunia manne wakati wa mavuno kwa 50,000 kila moja, unapata 200,000. Ukiyanunua tena Machi kwa 80,000, unatoa 320,000. Umepoteza 120,000 bila kula hata punje moja zaidi. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia kuzuia dumuzi pasipo dawa, mradi mahindi yamekauka vizuri na mfuko haukutoboka.

Tuiweke wapi?

Tusiweke yote mahali pamoja. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliwaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Waliopona wengi walipoteza nyumba na vyote vilivyokuwamo. Fedha ya chini ya godoro huenda na godoro lake. Wazee wetu waliweka akiba katika ng'ombe, na bado ni akiba njema, lakini ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua mifugo mingi katika wilaya ya Simanjiro, mkoani kwetu. Tena, wakati wa ukame kila mtu hupeleka mnyama mnadani na bei huanguka.

Tunashauri hivi: fedha ya mwezi ikae nyumbani au kwenye simu. Mfuko wa dharura ukae benki, SACCOS au kwenye simu, mahali ambapo unaweza kuitoa siku ileile. Fedha ya mambo ya mwaka inafaa kuwekwa kama hisa katika kikundi chenye sanduku la funguo tatu. Kikundi kipange siku ya kugawana iwe mwanzoni mwa Novemba. Vikundi vingine hugawana Julai, wakati kila mtu ana fedha, na fungu lile huyeyuka kabla ya mbegu. Hakikisheni pia kikundi kimesajiliwa kulingana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri watawaelekeza.

Kazi ya kufanya nyumbani

Kabla ya kuuza gunia la kwanza la mavuno yajayo, kaeni baba, mama na watoto wakubwa. Andikeni namba tatu: matumizi ya mwezi, mambo ya mwaka, na mapato ya mwezi mbaya kuliko yote. Kutoka hapo mtalijua pengo lenu, nalo litawaambia kiasi cha kubakiza. Daftari hilo mje nalo kwenye kikundi, tusaidiane kuhesabu.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.