Dini ya Msambwa na Tumaini la Maskwota

Dini ya Msambwa ilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1940 miongoni mwa Wabukusu wa Kimilili, katika Kaunti ya Bungoma ya leo, ikaenea upesi hadi mashamba ya walowezi kuzunguka Kitale. Msingi wake ni imani kwamba Were, Mungu Muumba, huwafikia watu kwa njia ya misambwa, yaani roho za wahenga. Imani hiyo ni ya kale, sawa na namwima, kibanda kidogo cha sadaka kilichojengwa nyumbani kwa mzee. Kilichokuwa kipya ni ahadi: Wazungu wataondoka na ardhi itarudi kwa wenyewe.

Ahadi hiyo iliwafikia watu waliobanwa kila upande. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu kubwa ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mazao yao. Wabukusu wengi waliishi humo kama maskwota. Waliruhusiwa kulima kishamba kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi kwa ujira mdogo, na mifugo yao ikapunguzwa kwa amri. Mahakama, kodi na kitambulisho cha kipande vilikuwa mikononi mwa serikali ileile iliyowanyang'anya. Mtu wa hali hiyo hakuwa na pa kupeleka malalamiko duniani, basi akayapeleka juu.

Kiongozi wa dini hiyo, Elijah Masinde, alikuwa mcheza kandanda hodari aliyewahi kuichezea Kenya, na muumini wa misheni ya Friends (Quaker) hadi aliposimamishwa kwa kuoa mke wa pili. Alipopinga amri za serikali, mwaka 1945 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa humo hadi 1947. Waliomfuata hawakumwona mwendawazimu hata kidogo. Septemba 1947 aliongoza maelfu hadi Lumboka kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Hapa ndipo nguvu ya imani hii inapoonekana vizuri: wafu walioshindwa vitani waligeuka waombezi, na kushindwa kwenyewe kukawa jambo lenye mwisho. Waumini waliomba wakiuelekea Mlima Elgon, waliouita Sayuni. Mlima huo unaonekana Kitale na Bungoma pia, kwa hiyo kibarua aliyekuwa mbali na kwao hakukosa mahali patakatifu.

Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini tumaini lililoletwa na imani hii lilikuwa na hatari yake pia. Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, wafuasi wa Lukas Pkiech, kiongozi wa Dini ya Msambwa miongoni mwa Wapokot, walipambana na askari wakiamini risasi hazitawadhuru. Pkiech mwenyewe na Wapokot zaidi ya 20 waliuawa. Imani iliyowapa watu moyo wa kudai haki haikuweza kuzuia risasi, na kiongozi aliyewaambia vinginevyo alibeba dhamana kubwa mno.

Uhuru ulipokuja, walowezi wengi waliondoka kama ilivyotabiriwa, ila ardhi haikuwafikia wote. Baadhi ya wasio na shamba waliishia katika mitaa ya mjini, na Tuwan mjini Kitale ni mmojawapo wa mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kati ya kupanda mahindi Machi na kuvuna mwishoni mwa mwaka, chakula hupanda bei, na kibarua hana ghala. Katika kipindi hicho, maombi ya kesha humpa mahali pa kutaja njaa na karo bila aibu, mbele ya watu wanaoweza kumchangia.

Serikali ya Jomo Kenyatta iliisajili Dini ya Msambwa mwaka 1964, ikaipiga marufuku tena 1968. Masinde, aliyefungwa tena baada ya uhuru, aliachiliwa 1978 na kufariki 1987, na wafuasi wake wangali wakiomba Bungoma na Trans Nzoia.