Utunzaji wa Meno ya Bandia

Ilula ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, nao unajulikana sana kwa kilimo cha nyanya na vitunguu. Tuseme bibi mmoja mkulima wa hapo ametengenezewa meno ya bandia. Kwa kuwa amefundishwa kuchemsha maji ya kunywa ili kuua vijidudu, anayatia meno yake katika sufuria ya maji yanayochemka. Nia yake ni njema. Lakini baada ya hapo meno hayamkai tena vizuri kinywani. Kosa liko wapi?

Jibu limo katika maada yenyewe. Tangu miaka ya 1930, sehemu inayokaa juu ya ufizi imekuwa ikitengenezwa aghalabu kwa plastiki iitwayo akriliki, kwa kufuata nakala halisi ya kinywa cha mwenyewe. Meno ya juu hushikiliwa na utando mwembamba wa mate ulio baina ya plastiki na kaakaa. Umbo likibadilika kidogo tu, mshiko hupungua. Akriliki hulainika joto likikaribia lile la maji yanayochemka, na hapo huweza kupinda. Aidha, hunyonya maji kidogo, hivyo ikiachwa ikauke huweza kubadilika umbo.

Jambo la pili ni ulaini wake. Majivu, mkaa na hata dawa ya meno huikwaruza. Mwalimu anaweza kulionyesha hili darasani kwa rula ya plastiki inayopitisha mwanga: upande mmoja usuguliwe kwa mswaki wenye majivu, wa pili kwa mswaki wenye sabuni, kisha rula itazamwe juani. Upande wa majivu utaonekana umefifia. Katika mikwaruzo kama hiyo hujificha vijidudu, pamoja na kuvu aitwaye Candida albicans, ambaye huweza kuifanya kaakaa iwe nyekundu na yenye kuwasha.

Hatari haiishii kinywani. Utafiti wa wazee 524 wenye umri wa miaka 85 au zaidi huko Tokyo, Japani, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba waliolala na meno ya bandia walipata homa ya mapafu kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wale walioyavua.

Basi, yafaa meno yavuliwe na kusuuzwa kila baada ya kula. Walau mara moja kwa siku yasuguliwe kwa mswaki laini, sabuni isiyo kali na maji ya baridi, juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Ufizi na ulimi navyo visafishwe. Usiku meno yakae katika maji safi ya baridi. Meno yenye sehemu za chuma yasitiwe katika dawa ya kung'arishia nguo, kwani chuma huliwa.

Hata yakitunzwa vyema, meno hayo hulegea kadiri miaka inavyopita, kwa sababu mfupa wa taya hupungua baada ya meno ya asili kung'olewa. Yakilegea au kuvunjika, yasiungwe kwa gundi nyumbani, bali yapelekwe kwa daktari wa meno. Mwanafunzi aliyeelewa sababu hizi anaweza kumweleza bibi yake, naye akaepushwa na gharama ya kutengenezewa mengine.