Hofu ya Kuonekana: Vijana Wasio na Ndoa na Afya ya Uzazi

Mimba isiyotarajiwa au ugonjwa wa ngono unapompata kijana ambaye hajaoa au kuolewa, lawama huangukia tabia yake, na pale jamii inapokuwa na huruma kidogo, huangukia ujinga wake, kana kwamba angefundishwa vya kutosha angejilinda. Dhana hiyo ilipimwa kwa makini mkoani Mwanza, ambako mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifundisha afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi, ukawaandaa wahudumu wa zahanati kuwapokea vijana kwa staha na ukafikisha kondomu vijijini, katika jamii 10 zilizolinganishwa na nyingine 10 ambazo hazikupata huduma hizo. Ujuzi wa vijana uliongezeka na majibu yao darasani yakawa bora, lakini vipimo vya damu havikuonyesha kwamba maambukizi ya Virusi vya UKIMWI yalipungua. Kijana aliyejua namna ya kujikinga alirudi katika kijiji kilekile, kwa wazazi walewale na katika ufukara uleule.

Watafiti waliokaa katika vijiji vya mkoa huo walieleza jinsi zawadi au fedha zilivyotarajiwa katika mahusiano ya vijana, hata msichana aliyekubali bure akaonekana kujidharau. Zawadi hiyo huwa sabuni, mafuta ya kupaka, nauli au chakula cha mchana, yaani mahitaji ambayo mzazi mkulima hawezi kuyatimiza kila wiki, na mwenye uwezo wa kuyatimiza kwa urahisi ni mwanamume mwenye kipato, ambaye mara nyingi amemzidi msichana umri kwa miaka mingi na amekwisha kuwa na wapenzi wengine, hivyo uwezekano wa yeye kuwa na maambukizi ni mkubwa zaidi. Aliyepokea zawadi hupata shida kudai kondomu, kwa sababu anayetoa ndiye anayeamua. Uamuzi unaoitwa wa msichana kwa kweli umekwisha kufanywa na tofauti ya mifuko yao.

Zamani jamii nyingi za pwani na kusini mwa Tanzania, kwa mfano Wazaramo, Wamakonde na Wayao, zilikuwa na mtu maalumu wa kuzungumza na kijana: kungwi au somo kwa msichana katika unyago, na ngariba pamoja na walezi wa jando kwa mvulana. Mafundisho hayo yalikuwa na kasoro zake, lakini yalikubali wazi kwamba mwili umebadilika, nayo yalitolewa ndoa ikiwa karibu. Shule imerefusha muda kati ya balehe na ndoa, jambo jema kabisa, lakini miaka hiyo iliyoongezeka haikupewa mlezi wake; mzazi huona haya, mwalimu huishia kwenye mchoro wa viungo, na mvulana, anayesahaulika zaidi, hufundishwa na wenzake pamoja na video za simu.

Pasipo na wa kumwuliza, hofu ndiyo inayoongoza, na hofu kubwa ya msichana huwa ni mimba, kwa sababu mimba huonekana. Hapo ndipo umaarufu wa P2 unapoeleweka. Vidonge hivyo vya dharura, vinavyouzwa katika maduka ya dawa, huchelewesha kutoka kwa yai na hutakiwa kumezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 baada ya tendo, lakini havizuii ugonjwa wowote. Klamidia, maambukizi ya bakteria ambayo kwa wanawake wengi hayana dalili, yanaweza kupanda hadi kwenye nyonga na kuacha makovu katika mirija ya uzazi, na mwanamke akayagundua miaka mingi baadaye anapotafuta mtoto.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, walioolewa na wasioolewa, walikuwa wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 waliokuwa wamezaa au kubeba mimba katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Mkoani Songwe kiwango kilifikia asilimia 45. Sheria nayo imesogea: mwaka 2019 umri wa kuridhia kupima Virusi vya UKIMWI bila mzazi ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 15, na Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Hatua hizo ni za kupongezwa, ila haki iliyoandikwa hukutana na kijana mahali padogo sana, pale anapofika zahanati ya kijiji, ambako mhudumu huenda ni jirani wa mama yake, benchi la kusubiri linatazamana na mlango wa chumba cha ushauri, na swali la kwanza analoulizwa, kwa sauti inayosikika mpaka nje, ni kama ameolewa.