Upimaji wa Homoni za Tezi za Adrenali kwa Mbwa katika Mazingira ya Ruaha na Mikumi, Wilayani Kilosa

Makala haya yanafafanua namna vipimo vya homoni katika damu vinavyotumika kubaini maradhi ya tezi za adrenali kwa mbwa, pamoja na tahadhari zinazohitajika katika mazingira ya Ruaha na Mikumi.

Tezi hizi mbili, zilizo karibu na figo, hutoa kotisoli na aldosteroni. Kotisoli ikizidi, mbwa hupata ugonjwa wa Cushing: hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara, tumbo huning'inia na manyoya hupukutika. Homoni hizo zikipungua, hupata ugonjwa wa Addison: hutapika, hudhoofika, na potasiamu ikipanda katika damu, moyo huweza kusimama.

Mji wa Mikumi umepakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na mbung'o huwafikia mbwa wa vijijini. Mbwa mwenye nagana, au maradhi yaenezwayo na kupe, hukonda na kulegea kama mwenye Addison. Aidha, ugonjwa wowote mkali huweza kupandisha kotisoli, hivyo kipimo cha Cushing kikaonesha ugonjwa usiokuwepo. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa vimelea vya damu kwa hadubini hutangulia.

Addison huthibitishwa kwa kuchukua damu, kudunga homoni ya ACTH ya kutengenezwa, kwa kawaida maikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na kuchukua damu tena baada ya saa moja. Kotisoli ikibaki chini ya nanomoli 55 kwa lita mara zote mbili, tezi zimeshindwa kuitikia. Kwa Cushing, hudungwa deksamethasoni miligramu 0.01 kwa kilo, na damu hupimwa mwanzoni, baada ya saa 4 na baada ya saa 8. Kwa mbwa mzima kotisoli hushuka na kubaki chini.

Hata hivyo, historia ya dawa ni ya lazima. Predinisoloni husomwa na kipimo kana kwamba ni kotisoli, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii hiyo hulaza tezi; zikikatizwa ghafla, mnyama huweza kufa.

Seramu ya kotisoli, ikitenganishwa mapema na kuhifadhiwa kwenye baridi, huweza kusafirishwa hadi maabara mjini Morogoro. ACTH ya mwili huharibika upesi zaidi. Kwa hiyo, kipimo cha kotisoli ndicho kinachofaa zaidi kwa mazingira ya Kilosa, ilimradi kitanguliwe na uchunguzi wa vimelea na historia kamili ya dawa.